Picha katika Ukurasa wa Anwani: Maisha ya Peter Paul Rubens katika Matbaa ya Antwerp

IKISIRI

Makala haya yanasimulia maisha ya mchoraji Peter Paul Rubens (1577–1640) kwa kuyatazama kupitia kazi yake moja ambayo wanahistoria wa sanaa wameiweka pembeni mara nyingi, yaani picha alizobuni kwa ajili ya kurasa za anwani za vitabu. Hoja inayotetewa ni kwamba picha hizo hazikuwa mapambo tu. Zilikuwa namna ya kukisoma kitabu kabla ya msomaji kukifungua, na kwa sababu hiyo zilizusha maswali kuhusu thamani ya kazi, umiliki wa sanaa na ukweli wa kile kinachochapwa, maswali ambayo bado yanatuhusu.

1.0 Utangulizi

Ukurasa wa anwani ni ule ukurasa wa mwanzo wa kitabu unaotaja jina lake, mwandishi wake, mahali kilipochapwa na mwaka wake. Wengi wetu huupita haraka tukitafuta sura ya kwanza. Hata wanaoandika juu ya vitabu huutumia ili kupata data za marejeo tu. Hata hivyo, ukurasa huo una historia yake, na historia hiyo haikuanza pamoja na uandishi. Miswada mingi ya kale haikuwa na ukurasa wa namna hiyo. Maneno ya kwanza ya matini yenyewe ndiyo yaliyokitambulisha kitabu. Uchapaji wa herufi za risasi ulipoenea Ulaya katika nusu ya pili ya karne ya 15, vitabu vilianza kusafiri bila jalada na kuuzwa kwa watu wasiomjua mwandishi. Ndipo ukurasa wa anwani ulipohitajika, na muda si mrefu ukahitaji picha.

Mtu anaweza kuuliza: picha ya nini, ikiwa maneno yanatosha? Wahenga wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mtazamo huo, kitabu kizuri hakina haja ya kupambwa usoni. Swali hili si jepesi, na mtu mmoja aliyelijibu kwa vitendo kwa muda wa karibu miaka thelathini ni Rubens. Dunia inamjua kwa turubai kubwa zilizojaa miili, farasi na mawingu. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mtu huyo huyo alibuni zaidi ya kurasa arobaini za anwani, nyingi zikiwa za Matbaa ya Plantin mjini Antwerp, na kwamba kurasa nyingine kati ya hizo hazizidi kiganja cha mkono kwa ukubwa.

2.0 Asili na Malezi

Rubens alizaliwa mwaka 1577 katika mji wa Siegen, Ujerumani, ingawa wazazi wake walikuwa watu wa Antwerp. Walikuwa uhamishoni, na sababu ya uhamisho huo ilikuwa na aibu ndani yake. Baba yake, Jan Rubens, alikuwa mwanasheria aliyeuhama mji wake kwa sababu ya misukosuko ya dini. Huko Ujerumani alikuwa mshauri wa Anna wa Saxony, mke wa William wa Orange, kiongozi wa uasi dhidi ya Hispania. Uhusiano wao ukavuka mipaka ya kazi, Anna akapata ujauzito, na Jan akatiwa gerezani. Aliyemwokoa ni mkewe mwenyewe, Maria Pypelinckx, ambaye alimsamehe, akaandika barua za kumwombea na kupigania uhai wake mpaka akaruhusiwa kuishi Siegen chini ya ulinzi. Peter Paul ni matunda ya ndoa hiyo iliyonusurika.

Baba alifariki mwaka 1587, na mama akawarejesha watoto Antwerp. Mji waliourudia haukuwa tena ule waliouacha. Mwaka 1585 majeshi ya mfalme wa Hispania yalikuwa yameuteka baada ya kuuzingira kwa muda mrefu. Waprotestanti walihama kwa maelfu, wengi wakielekea kaskazini, na njia ya bahari kupitia mto Scheldt ikazibwa na Waholanzi. Bandari iliyokuwa soko la Ulaya ikazorota. Jeraha hilo la mji ni jambo la kukumbukwa tunapoitazama kazi ya Rubens, kwani alikulia katikati yake.

Alipelekwa katika shule ya Kilatini ya Rumoldus Verdonck. Huko alijifunza Kilatini na visa vya Wagiriki na Warumi, na huko alijuana na kijana mmoja aliyezaliwa na ulemavu wa upande wa kulia wa mwili. Kijana huyo aliitwa Balthasar Moretus. Babu yake mzaa mama alikuwa Christophe Plantin, mwasisi wa matbaa iliyokuwa kubwa kuliko zote katika eneo hilo. Urafiki wa shuleni ndio uliozaa kazi tunayoijadili, na haukukatika mpaka kifo kilipowatenganisha.

Rubens hakukaa shuleni muda mrefu. Mwaka 1590 alitumwa kuwa mtumishi kijana katika nyumba ya mke wa bwana mkubwa, akajifunza adabu za watawala, kisha akaiacha kazi hiyo na kuingia uanagenzi wa uchoraji. Alifundishwa na Tobias Verhaecht, Adam van Noort, na hatimaye Otto van Veen, mchoraji msomi aliyependa mafumbo ya picha. Mwaka 1598 alikubaliwa kuwa fundi kamili katika chama cha wachoraji cha Mtakatifu Luka.

3.0 Italia na Kurejea Nyumbani

Mwaka 1600 alikwenda Italia, akaajiriwa na Vincenzo Gonzaga, mtawala wa Mantua. Alikaa kusini miaka minane, akichora, akinakili kazi za mabingwa na kukusanya maarifa ya mawe, sarafu na sanamu za kale. Mwaka 1603 alipelekwa Hispania na zawadi za mfalme, safari iliyomwonjesha kwa mara ya kwanza kazi ya ujumbe.

Katika miaka hiyo kaka yake, Philip, aliyekuwa mwanafunzi mpendwa wa mwanachuoni Justus Lipsius, aliandika kitabu juu ya desturi za Warumi wa kale. Kilichapwa katika Matbaa ya Plantin mwaka 1608. Picha zake zilitokana na michoro ya Peter Paul na zikachongwa na Cornelis Galle. Kwa hiyo Rubens aliingia katika ulimwengu wa vitabu kwa mlango wa udugu, kisha akabaki humo kwa sababu ya urafiki.

Mwishoni mwa 1608 alipata habari kwamba mama yake ni mgonjwa sana. Alipanda farasi kurudi, lakini alipofika alikuta amekwisha kuzikwa. Alikusudia kurejea Italia, na hakurejea tena. Mwaka 1609 mapatano ya kusitisha vita kwa miaka kumi na miwili yalitiwa saini. Watawala Albert na Isabella wakamteua kuwa mchoraji wao, wakimruhusu kuishi Antwerp badala ya Brussels. Na mwezi Oktoba akamwoa Isabella Brant. Mji ulianza kupumua, na makanisa yaliyonyang'anywa picha zake yalihitaji nyingine. Mwaka 1610 baba yake Balthasar alifariki, na matbaa ikawa mikononi mwa Balthasar na mdogo wake. Hivyo basi rafiki wawili wa shule walijikuta, kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa bwana wa kazi yake.

4.0 Herufi na Bamba: Tatizo la Kiufundi

Kabla ya kuzitazama picha zenyewe, yafaa tueleze ugumu wa kuziweka. Herufi ya risasi ni kitu kilichoinuka. Wino hupakwa juu ya uso wake, karatasi hulazwa juu, na mashine hukandamiza mara moja kutoka juu kwenda chini. Picha ya kuchongwa katika mbao hufuata kanuni hiyo hiyo: sehemu isiyotakiwa hukatwa, mistari hubaki imeinuka. Kwa sababu hiyo ubao wa picha uliweza kufungwa pamoja na herufi katika fremu moja na kuchapwa kwa mkandamizo mmoja. Ilikuwa njia rahisi, lakini mistari yake ilikuwa minene.

Bamba la shaba hufanya kinyume. Mchonga nakshi huchimba mistari ndani ya shaba kwa kifaa chenye ncha kali. Wino husuguliwa mpaka uingie mifereji hiyo, kisha uso wa bamba hufutwa ukawa safi. Karatasi iliyoloweshwa huwekwa juu, na vyote hupitishwa kati ya magogo mawili ya duara kwa nguvu kubwa, ili karatasi iuvute wino kutoka mifereji. Njia hii hutoa mistari myembamba kama unywele na vivuli vya kila daraja. Lakini haiwezi kuchapwa pamoja na herufi. Karatasi inayotakiwa kuwa na vyote viwili lazima ipite mashine mbili tofauti, na ikikosea mahali kwa upana wa ukucha, kazi huharibika.

Plantin alikuwa miongoni mwa wachapishaji wa kwanza waliokubali kuubeba mzigo huo kwa wingi. Katika nusu ya pili ya karne ya 16 alianza kutumia mabamba ya shaba kwa picha za vitabu na kurasa za anwani, na wajukuu wake wakaiendeleza desturi hiyo. Ufumbuzi mmoja ulikuwa kuyachonga hata maneno ya anwani katika bamba lile lile, ili ukurasa mzima upite mashine moja. Ndiyo maana katika kurasa nyingi za Rubens jina la kitabu limeandikwa juu ya jiwe, kitambaa au mlango uliochorwa: maneno yamekuwa sehemu ya picha.

Kuna ugumu mwingine. Kinachochongwa katika bamba hutoka kimegeuzwa kwenye karatasi, kulia kukawa kushoto. Asipokuwa mwangalifu, shujaa hushika upanga kwa mkono wa kushoto na maneno husomeka kinyumenyume. Mbunifu na mchongaji walipaswa kufikiri kama watu wanaojitazama katika kioo. Usione vyaelea, vimeundwa.

5.0 Kazi za Mwanzo

Ushirikiano wa dhati ulianza mwaka 1613. Mwaka huo matbaa ilitoa kitabu cha Mjesuiti François de Aguilon juu ya elimu ya macho na mwanga, chenye sehemu sita. Rubens alibuni ukurasa wa anwani pamoja na picha sita ndogo, moja kwa kila sehemu. Katika ukurasa wa anwani, Elimu ya Macho ameketi kama malkia, ameshika fimbo ya enzi yenye jicho. Kando yake wapo tai, ndege mwenye uoni mkali, na tausi, ambaye mkia wake una macho mengi. Upande mmoja yupo Mercury aliyemwua Argus, yule mlinzi wa macho mia. Upande wa pili yupo Minerva, mungu wa hekima. Msomaji anayejua visa hivyo hupata mada ya kitabu chote kwa kutupa jicho mara moja, na jicho lenyewe ndilo linalojadiliwa. Picha hapa haikukipamba kitabu tu, imekifupisha.

Mwaka 1614 ulitoka ukurasa wa anwani wa kitabu cha sala za kila siku za mapadri. Hili halikuwa jambo dogo kibiashara. Vitabu vya ibada vilikuwa mhimili wa mapato ya matbaa, kwani tangu enzi za Plantin mfalme wa Hispania aliipa nafasi ya pekee ya kuvipeleka katika milki yake. Picha ya Rubens ilivuka bahari pamoja na vitabu hivyo na kufika mahali ambapo turubai zake zisingefika.

Mwaka 1615 ilitolewa upya kazi ya Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi, iliyohaririwa na Lipsius. Rubens alitoa picha za Seneca kwa kuiga sanamu ya kale aliyokuwa nayo na ambayo wasomi wa wakati wake waliamini ni ya mwanafalsafa huyo. Sura ile ya mzee aliyekonda ikakubaliwa Ulaya nzima. Mwaka 1813 iligunduliwa Rumi sanamu yenye jina la Seneca limechongwa juu yake, na sura yake ni ya mtu mnene mwenye upara. Yule mzee wa Rubens hakuwa Seneca. Tukio hili lina funzo kwa mtafiti. Picha ikishawekwa mwanzoni mwa kitabu chenye heshima, hupata mamlaka ya kitabu hicho, na kosa lake linaweza kudumu karne mbili bila kuhojiwa.

6.0 Kazi ya Siku za Mapumziko

Jinsi rafiki hao wawili walivyopatana malipo inajulikana, kwa kuwa matbaa ilihifadhi daftari zake za hesabu na barua zake. Kwa ukurasa wa kitabu kikubwa Rubens alilipwa gilda 20. Kwa ukubwa unaofuata gilda 12. Kwa kitabu kidogo gilda 8. Na kwa vile vidogo kabisa gilda 5. Mara nyingi hakupokea fedha taslimu, bali hesabu yake ilikatwa kwa vitabu alivyochukua matbaani, maana alikuwa msomaji hodari. Mchonga nakshi, ambaye kazi yake ilichukua wiki nyingi, alilipwa mara kadhaa zaidi yake.

Mwaka 1630 Moretus alimfafanulia mwandishi mmoja aliyekuwa na haraka kwamba Rubens alihitaji angalau miezi mitatu. Yeye mwenyewe alikuwa na mazoea ya kumwarifu miezi sita mapema, ili apate muda wa kuitafakari anwani na kuichora kwa utulivu katika siku za sikukuu. Siku za kazi hakuzitumia kwa shughuli hizo. Na kama angezitumia, angedai gilda 100 kwa siku moja.

Maelezo hayo yamefasiriwa na wengine kuwa ushahidi kwamba Rubens alizidharau kurasa za anwani. Mwandishi wa makala haya haafikiani na tafsiri hiyo. Mtu ambaye siku yake ina thamani ya gilda 100, akakubali kwa gilda 20 kulitafakari jina la kitabu kwa miezi mitatu, hafanyi hivyo kwa ajili ya fedha. Siku ya mapumziko ndiyo siku pekee ambayo mtu mwenye shughuli nyingi huwa mali yake mwenyewe, na siku hiyo Rubens alimpa rafiki yake na vitabu. Karakana yake ilijaa wasaidizi waliomalizia turubai alizozianzisha. Ubunifu wa ukurasa wa anwani, kinyume chake, ulikuwa kazi ya akili peke yake.

7.0 Umiliki na Ugomvi

Picha iliyochapwa ina hatari ambayo turubai haina: yeyote mwenye bamba na mashine anaweza kuinakili. Rubens alilitambua jambo hilo mapema. Kati ya mwaka 1619 na 1620 alifanikiwa kupata hati za kulinda picha zake zilizochongwa kutoka kwa serikali tatu: Ufaransa, Brabant, na Majimbo ya Muungano ya Uholanzi. Yafaa ieleweke kwamba Uholanzi ilikuwa adui wa watawala aliowatumikia, na hata hivyo aliomba na akapewa. Huo ni miongoni mwa mifano ya awali ya msanii kupigania haki ya kunakili nje ya mipaka ya nchi yake.

Lakini haki ya nani? Mchonga nakshi wake hodari katika miaka hiyo alikuwa Lucas Vorsterman. Kijana huyo aliona kwamba ufanisi wa picha zile ulitokana pia na mkono wake, wakati Rubens aliona kwamba ubunifu ni wake na mchongaji ni mtekelezaji. Ugomvi ukakua mpaka mwaka 1622 marafiki wa Rubens wakaiomba serikali impe ulinzi, wakihofia maisha yake. Vorsterman akaondoka, baadaye akahamia Uingereza. Hatuna haja ya kuwa mahakimu wa kesi hiyo. Linalofaa kutajwa ni kwamba mtu mmoja aliyepigania haki zake kwa serikali tatu hakuona kwa urahisi madai ya mtu aliyeketi karibu naye.

8.0 Vita na Amani

Mapatano yalimalizika mwaka 1621, vita vikarudi. Mwaka 1625 mji wa Breda ulisalimu amri kwa jemadari Spinola baada ya kuzingirwa kwa miezi mingi. Mjesuiti Herman Hugo aliandika habari za kuzingirwa huko, na mwaka 1626 Moretus akazichapa. Kitabu kilikuwa cha kusifu ushindi. Rubens alimweka Hercules upande mmoja na Minerva upande wa pili, alama za juhudi na uangalifu wa jeshi lililoshinda. Lakini chini yao aliweka jambo jingine: mji wa Breda, kwa umbo la mwanamke, anakabwa koo na Njaa. Hakuna bendera wala kishindo cha farasi katika sehemu hiyo. Mwenye kufungua kitabu ili asome utukufu wa silaha, jambo analokutana nalo mlangoni ni mwanamke anayenyimwa pumzi. Picha imesema kweli kuhusu namna mji ulivyoshindwa, na haikumtukana mshindi.

Mwaka huo huo wa 1626 mkewe Isabella alifariki. Katika majonzi hayo Rubens alijitosa zaidi katika kazi ya ujumbe. Kati ya 1628 na 1630 alikwenda Madrid, kisha London, akisaidia kutengeneza njia ya amani baina ya Hispania na Uingereza. Mfalme Charles wa Kwanza alimtunukia cheo cha uungwana mwezi Machi 1630, na mkataba ulitiwa saini Novemba mwaka huo. Hata hivyo, amani aliyoitamani zaidi, baina ya pande mbili za nchi yake, hakuiona. Ilikuja mwaka 1648, miaka minane baada ya kifo chake. Mwezi Desemba 1630 alimwoa Helena Fourment, binti wa miaka kumi na sita, akaanza kujitenga na siasa.

9.0 Nyuki na Miaka ya Mwisho

Kati ya kurasa zake za baadaye, ule wa mashairi ya Papa Urban wa Nane, uliochapwa mwaka 1634, unastahili kuangaliwa peke yake. Papa huyo alitoka katika ukoo wa Barberini, ambao alama yake ni nyuki. Mbunifu wa kawaida angechora nyuki watatu juu ya ngao na kazi ikaisha. Rubens alikumbuka kisa cha Biblia cha Samsoni, aliyemwua simba na baadaye akakuta asali ndani ya mzoga wake. Akamchora Samsoni akiyapanua mataya ya simba, na nyuki wakiruka kutoka kinywani. Kwa taswira moja alimsifu mwandishi kwa ukoo wake, akasema jambo juu ya ushairi, kwamba utamu hutoka penye nguvu, na akayasema yote bila kuongeza neno. Huo ndio ukomavu wa sanaa hii. Nyuki walikuwa wa Papa, simba alikuwa wa Biblia, lakini fumbo lililowaunganisha lilikuwa la Rubens.

Aliibunia matbaa pia alama yake yenyewe upya. Tangu enzi za Plantin alama hiyo ilikuwa bikari, ambayo mguu wake mmoja huzunguka na mwingine hutulia, kuonyesha juhudi na uthabiti. Rubens aliizungushia watu wawili wanaowakilisha sifa hizo, Juhudi akiwa katika umbo la Hercules.

Jongo lilimsumbua kwa miaka mingi, na katika miaka ya mwisho lilimshika mkono. Kuanzia mwaka 1637 alitoa mawazo, na kijana Erasmus Quellinus akayachora. Hesabu za matbaa zinatenganisha kwa uaminifu aliyebuni na aliyechora. Rubens alifariki tarehe 30 Mei 1640, akazikwa katika kanisa la Mtakatifu Yakobo mjini Antwerp. Balthasar Moretus alimfuata mwaka 1641. Mwaka 1642 kilitoka kitabu kikubwa cha Gevartius juu ya sherehe za kumpokea mtawala Ferdinand mjini Antwerp mwaka 1635, sherehe ambazo mapambo yake Rubens aliyasimamia. Ukurasa wake wa anwani ulikuwa wa Rubens. Mchoraji alikuwa kaburini, na picha yake ikaendelea kuwakaribisha wasomaji.

10.0 Hitimisho

Tumeyafuata maisha ya Rubens kwa njia nyembamba, na njia hiyo imetuonyesha mambo ambayo turubai kubwa huyaficha. Kwanza, picha ya ukurasa wa anwani ni tendo la usomaji: asiyekielewa kitabu hawezi kukichorea mlango. Pili, ni kazi ya wengi. Mwandishi, mchapishaji, mbunifu, mchonga nakshi na mchapaji wote wana sehemu yao, na heshima isipogawanywa sawasawa huzaa uadui. Tatu, picha hubeba mamlaka, na kwa hiyo hubeba wajibu wa kusema kweli, kama tunavyojifunza kwa Seneca asiyekuwa Seneca na kwa mwanamke wa Breda.

Matbaa ya Plantin iligeuzwa makumbusho mwaka 1877, na mashine zake, mabamba yake na daftari zake za hesabu zimo humo. Siku hizi mwanafunzi anayeandaa tasnifu yake huweka picha juu ya jina lake kwa amri chache za kompyuta, na kazi iliyohitaji mashine mbili, mafundi kadhaa na miezi sita humalizika kabla chai haijapoa. Ugumu wa shaba umeondoka. Ugumu wa kuitafakari anwani haujaondoka, na hauna mashine. Methali ya chema chajiuza haikanushwi na kazi ya Rubens. Yeye hakuvitembeza vitabu vya rafiki yake. Alivisoma siku za sikukuu, kisha akaweka mlangoni alichokiona ndani.